Kura ya Mchezo, Jina la Mauaji

Katika Mafia, mchezo uliobuniwa na Dimitry Davidoff mjini Moscow mwaka 1986, wachezaji humsaka adui aliyejificha miongoni mwao, kisha humwondoa kwa kura. Mtandaoni wengi huiita kura hiyo “linchi”, jina la mauaji yanayofanywa na makundi ya watu bila hukumu, ambayo kati ya 1877 na 1950 yaliangamiza Wamarekani Weusi zaidi ya 4,000. Jina hilo liondolewe. Wapo wanaojitetea kwamba mchezo ulizaliwa Urusi, bila nia ya kumkashifu mtu mweusi. Ni kweli, ila mjukuu wa waliouawa hasikii nia ya mbunifu. Anasikia wenzake wakishangilia linchi. Wengine wanahofia msisimko utapungua. Mbona mchezo wa Among Us, ambamo mshukiwa hutupwa tu nje ya chombo cha angani, ulivuta mamilioni mwaka 2020?