Neno Ndani ya Neno: Mchezo wa Herufi na Ukoo wa Maneno

Nia ya makala haya ni kuuchunguza mchezo mmoja ambao walimu wa Kiswahili huutumia madarasani, na kuutazama hasa kwa macho ya mwanafunzi wa Kisumu na mwambao wa Ziwa Victoria ambaye lugha yake ya kwanza ni Dholuo. Mwalimu huandika ubaoni neno la kawaida, kisha huwataka wanafunzi watoe katika herufi zake maneno mengine madogo. Mchezo hauna gharama. Chaki na ubao vyatosha. Lakini ndani yake mna swali ambalo kwa kawaida hupitwa kimya: je, neno linaloonekana ndani ya neno jingine lina udugu wowote nalo? Mwanafunzi asiyejibiwa swali hili hujijibu mwenyewe, na aghalabu hujijibu vibaya.

Tutwae neno samaki, ambalo kando ya ziwa halihitaji kufafanuliwa. Katika herufi zake sita tunapata sima, kisa, kasi, kima, kama, mia, saka, kasa, amka, mkasi, kiama, na hata kasia, chombo chenyewe cha mvuvi. Herufi zote sita zikitumika tunapata pia masika na kamasi. Mavuno haya si ya bahati tupu. Herufi za samaki zaweza kupangwa kwa njia 360, lakini nyingi kati ya hizo hazitamkiki kwa Kiswahili. Tukishika utaratibu wa konsonanti kufuatwa na irabu tangu mwanzo hadi mwisho, njia zinazobaki ni 18 tu, na katika hizo 18 angalau tatu ni maneno kamili. Kiswahili hupenda silabi iliyo wazi, inayoishia kwa irabu, na kwa sababu hiyo hazina yake ya maneno imejaa vipande vinavyofanana na vinavyoweza kubadilishana nafasi.

Waswahili wa pwani waliutambua ukweli huu zamani, tena bila kalamu. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 juu ya Kiswahili cha Unguja, ameeleza Kinyume, yaani usemi wa siri ambamo silabi ya mwisho hukatwa na kutangulizwa. Nyumba huwa mbanyu. Msomaji akilitia neno masika katika kinu hicho atapata kamasi, na pengine atacheka. Lakini samaki akitiwa humo hutoka kisama, ambacho si neno. Kinyume hupanga silabi, mchezo wa ubaoni hupanga herufi. Hizi ni kazi mbili tofauti, na kwa maoni yetu ile ya kwanza inafundisha zaidi.

Tofauti hiyo hudhihirika pale herufi mbili zinaposimama mahali pa sauti moja. Jicho huona homa ndani ya choma, hapa ndani ya chapa, hama ndani ya chama, na haba ndani ya shaba. Sikio halisikii lolote kati ya hayo, kwani ch na sh ni sauti moja moja. Kuzikata katikati ni kuigawa sauti isiyogawanyika. Mwanafunzi wa Kijaluo hana haja ya kuelezwa jambo hili kwa urefu. Lugha yake nayo huandika ch, th na dh kwa herufi mbili mbili, naye hawezi kufikiri kwamba neno rech, ambalo kwake ndilo samaki, linaishia kwa h. Tungependekeza basi kwamba katika mchezo huu ch, sh, th, dh, gh, ny na ng’ zihesabiwe kuwa moja moja.

Hatari kubwa zaidi iko katika majina. Ndani ya Kisumu, bila kuhamisha herufi hata moja, mna kisu na mna sumu. Zikihamishwa, mna siku, usiku, simu, kumi na mkuu. Ni rahisi mno kutunga hadithi ya kisu chenye sumu na kuiita historia ya mji. Jina lenyewe ni la Dholuo, nalo huhusishwa na safari za kutafuta chakula na kukibadilisha kwa vitu vingine. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, kituo chake kiliitwa Port Florence, lakini jina la wenyeji ndilo lililodumu. Vivyo hivyo Dunga, ufuo wa wavuvi karibu na mji, haukuitwa hivyo kwa sababu mtu fulani alidungwa. Wala Homa Bay si ghuba ya maradhi, ingawa mbu wa huko wangependa tuamini hivyo. Majina haya yana wenyewe, na maana zake zapasa kutafutwa katika lugha yao.

Hadi hapa tumeona maneno yanayoonekana kuwa ndugu na si ndugu. Upande wa pili wa jambo hili ndio wenye uzito darasani, yaani ndugu wa kweli wasioonekana. Mwanafunzi akitafuta ndani ya samaki ataliona neno maki, limekaa sawasawa kwa mpangilio wake. Akitafuta ndani ya mvuvi hataona vua, kwa kuwa mvuvi haina irabu a hata moja. Wala hataona pika ndani ya mpishi, iba ndani ya mwizi, penda ndani ya mpenzi, au lewa ndani ya mlevi. Kiambishi tamati -i, kinapounda jina la mtendaji, mara nyingi huigeuza konsonanti iliyo mbele yake: k huwa sh, b huwa z, nd huwa nz, w huwa v. Katika mchukuzi na mtembezi hutokea hata z ambayo chukua na tembea hazina. Ni alama ya l ya kale ambayo vitenzi hivyo vimeipoteza. Mchezo wa herufi, ukiachwa ulivyo, humwonyesha mtoto jirani na kumficha mzazi.

Kwa mwanafunzi wa Kijaluo fumbo hili ni gumu maradufu. Katika Dholuo mtendaji hutanguliziwa ja-, na neno la kitendo hubaki zima ndani yake: lupo ni kuvua, jalupo ni mvuvi, tedo ni kupika, jatedo ni mpishi, puonj ni kufundisha, japuonj ni mwalimu. Mtoto aliyezoea kuliona tendo zima ndani ya mtendaji atalitafuta vivyo hivyo katika Kiswahili, na akitakiwa kuunda jina kutokana na pika ataandika mpika au mpiki. Kosa hilo lina mantiki yake, na halistahili dhihaka. Lakini lina gharama, hasa tangu mwaka 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4.

Hata hivyo, Dholuo yenyewe inampa mwalimu ufunguo, nasi tunastaajabu kwamba hautumiwi mara nyingi zaidi. Mjaluo husema got kwa kilima kimoja na gode kwa vilima vingi. Luth ni fimbo, ludhe ni fimbo nyingi. Hata kitabu, neno lililotoka katika Kiswahili, wingi wake huwa kitepe. Mtoto huyu basi anajua tangu utotoni kwamba konsonanti yaweza kugeuka na neno likabaki katika ukoo ule ule. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia kwamba pika na mpishi ni jambo la namna hiyo, ingawa kanuni yake ni nyingine.

Mwalimu na aigawe basi orodha ya ubaoni sehemu mbili. Upande mmoja yawekwe yale yaliyookotwa katika herufi, na yachekelewe: kasia, mkasi, kamasi. Upande wa pili yawekwe yenye mzizi mmoja na neno lililotolewa, hata kama herufi zake hazikutimia. Kwa neno mvuvi, upande wa kwanza utakuwa karibu mtupu. Upande wa pili utakuwa na vua, uvuvi, vulia na kuvuliwa, na mwanafunzi aruhusiwe kuandika jalupo pembeni, kwa lugha yake, ili alinganishe.