Uuze dume leo au umnenepeshe? Hesabu kinachoongezeka



Mvua zimekatika, malisho yanakauka. Mnunuzi amefika bomani na kutaja bei ya dume wako. Umuuze leo, au umnenepeshe miezi mitatu?

Wengi hujibu: "Nilimnunua ghali, nimemuogesha na kumchanja, siwezi kumtoa kwa bei hiyo." Fedha hiyo imekwishatoka. Ukiuza leo hairudi, ukisubiri hairudi. Iache. Hesabu yale tu yatakayobadilika ukichagua njia moja badala ya nyingine.

Huu ni mfano wa dume mmoja kwa siku 90. Wewe weka bei zako.

Kitakachoongezeka kuingia
- Bei akishanona: Sh 1,300,000
- Toa bei ya leo: Sh 900,000
- Nyongeza: Sh 400,000

Kitakachoongezeka kutoka
- Pumba za mahindi, kilo 4 kwa siku (kilo 360 × Sh 400): Sh 144,000
- Mashudu ya alizeti, kilo 1 kwa siku (kilo 90 × Sh 700): Sh 63,000
- Chumvi ya madini na dawa ya minyoo: Sh 15,000
- Kijana wa kukata majani: Sh 60,000
- Jumla: Sh 282,000

Kinachobaki: Sh 118,000. Hapo kunenepesha kunalipa.

Mshahara wa mchungaji haumo, kwa kuwa utamlipa hata dume akiondoka. Kijana wa majani yumo, maana bila kunenepesha usingemchukua. Pumba za mahindi yako mwenyewe nazo ziandike, kwa bei ambayo ungeziuza.

Sasa pumba zikipanda hadi Sh 700 kwa kilo, gharama zinafika Sh 390,000. Unabaki na Sh 10,000. Kwa elfu kumi, usibebe hatari ya ugonjwa au wizi miezi mitatu. Uza leo.

Njia mbaya kuliko zote ni kusubiri bila kulisha. Dume hukonda kiangazi, na bei hushuka pamoja naye.

Kabla ya kuamua
1. Ulizia bei ya pumba kwenye mashine za kusaga hapa Lizaboni.
2. Ulizia mnadani bei ya madume walionona.
3. Kaeni kama familia, mwandike hesabu zote mbili.

Mkiamua kunenepesha, anzeni pumba kidogo kidogo kwa wiki mbili, tumbo lizoee. Mkikwama, mwoneni afisa mifugo wa kata.