Sauti ya Chini Katika Milima ya Cheviot

Katika mji niliozaliwa, ulio kando ya bahari, mbwa hakuwa na mwalimu. Alikuwa na jiwe tu, jiwe la mtoto atokaye chuoni, na kama alibahatika kupata bwana, bwana huyo, aghalabu mtu mwenye nyumba ya ukuta mrefu, alimfunza jambo moja, nalo ni kuwa mkali, kisha akaiandika habari hiyo langoni kwa rangi nyekundu ili wapitao njia waisome. Kwa hiyo siku moja ya Oktoba, mwenyeji wangu wa Newcastle aliponipandisha bonde la mto Coquet, huko Northumberland, hata pale nyumba zinapokwisha na milima ya Cheviot inapoanza kuuelekea mpaka wa Scotland, nami nikamkuta mzee akimwambia mbwa wake maneno kwa sauti ambayo mimi, niliyekuwa ubavuni pake, nilipata taabu kuisikia, ilhali mbwa aliyekuwa mbali naye hatua mia aliisikia na kuitii, jambo hilo liliniingia moyoni na halijatoka. Nilikuwa nimekwenda Newcastle kwa shughuli nyingine kabisa. Sikuiandika shughuli hiyo, naandika hii.

Kondoo kama sitini walikuwa wametawanyika juu ya nyumba yake, weupe juu ya nyasi zilizokwisha kupata rangi ya mchanga. Mzee, ambaye aliniomba nisilitaje jina lake kwa hoja kwamba majirani zake wangemcheka wakimwona amegeuzwa mwanachuoni gazetini, alisimama na mikono miwili juu ya fimbo yake yenye kichwa cha pembe ya kondoo, akatamka neno moja. Nell, mbwa jike mweusi mwenye shingo nyeupe, aliyekuwa amelala miguuni pake, akaondoka. Hakuwaendea kondoo. Alikwenda pembeni, kwa njia iliyopinda kama upinde uliovutwa, akiwazunguka kwa mbali hata wengi wao wasijue kuwa yupo, mpaka akatokea nyuma yao, juu kabisa ya mteremko. Na hapo, pasipo kuambiwa kitu, akasita.

Ni hapo pa kusita ndipo niliponaswa. Kabla yake kondoo walikuwa mmoja mmoja, kila mmoja na jani lake. Baada yake walikuwa kundi. Na baina ya hali hizo mbili palikuwa na muda wa pumzi tatu au nne ambao laiti ningeweza kuuchora nisingeuandika. Kichwa kimoja kiliinuka, kisha vitano, kisha vyote. Masikio yakageuka. Kondoo aliyekuwa nyuma zaidi akahamisha uzito wake kutoka mguu huu hadi huu, kama mtu aliyealikwa kuondoka barazani naye hataki kuonekana ana haraka. Na Nell, kichwa chake kimeshuka chini ya mabega, mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani kana kwamba amesahau kuutua, alikuwa akiwatazama. Hakubweka, wala hakutoa meno. Aliwatazama tu, kisha akautua ule mguu, taratibu, na kwa hatua ile moja mlima mzima ukaanza kutembea.

Wachungaji wa huko huliita jambo hili kuinua, kana kwamba kundi ni mtungi uliojaa pomoni ambao hauna budi kutoka chini bila kumwaga tone. Katika mashindano yao kuinua kuna alama 10 tu katika 100, na hizo hazitolewi bali hupunguzwa, maana mbwa huingia uwanjani akiwa na alama zake zote, na kazi ya mwamuzi ni kumpokonya moja moja kwa kila kosa. Desturi ambayo, nakiri, ilinihuzunisha kidogo. Mzee alisema kwamba lau angekuwa na madaraka angekupa kuinua nusu ya alama zote. "Mbwa akiwainua kwa hamaki," aliniambia, "hamaki hiyo itashuka nao mlima wote mpaka langoni, nawe utafunga mlango na hamaki imo ndani."

Walipokuwa wameshuka nusu ya njia, kondoo mmoja mwenye sikio lililochanika alijitenga ghafula akaukimbilia mto, na Nell, ambaye umri wake ni miaka miwili na damu yake bado ina moto, akamrukia nyuma kwa mbio zilizopita kiasi, na kundi likaanza kuyumba. Nilijiandaa kusikia ukelele, kwa kuwa popote nilipomwona mtu na mnyama, au mwalimu na mwanafunzi, katika hali kama ile, ukelele ndio uliofuata. Mzee akashusha sauti. Alilitamka jina la mbwa kama mtu amwitaye mgonjwa asiyetaka kumshtua, akanyamaza, kisha akasema neno la kulala, chini zaidi, na Nell akaanguka chini katika nyasi kama aliyekatwa kamba. Yule kondoo, asipoona tena anayemfukuza, alikimbia hatua kumi nyingine, akapunguza, akageuka, akajiona yu peke yake, akarudi kwa wenzake mwenyewe. Hakuna aliyemrudisha.

Baadaye jikoni, tukinywa chai, nilimwuliza. Alinieleza kwamba kelele ya mtu, katika sikio la mbwa, hailingani na onyo; hulingana na mbwa mwingine anayebweka, na mbwa asikiapo mwenziwe akibweka hujiunga. Mtu akipiga kelele, mbwa huongeza mbio. Kondoo, waonapo mbio, hutawanyika. Mtu, aonapo kondoo wametawanyika, hupiga kelele zaidi. Na hivyo watatu hao huambukizana homa moja hata mmoja wao aumie, na mara nyingi aumiaye ni kondoo mwenye mimba. "Na katika watatu hao," alisema, "mmoja tu ndiye aliyepelekwa shule. Basi huyo na aanze kunyamaza." Kisha akaongeza hoja ya pili, ambayo yeye mwenyewe aliiona ndogo nami nikaiona kubwa: kwamba sauti ni akiba. Anayemzungumzia mbwa kwa kunong'ona kila siku, siku atakaposema kwa sauti ya kawaida amekwisha piga ukelele. Lakini anayepiga kelele kila siku, siku mbwa atakapokuwa ukingoni mwa barabara na gari linakuja, atatumia nini?

Historia ya mambo haya si ndefu. Mashindano ya kwanza ya Uingereza ambayo habari zake zimehifadhiwa vema yalifanyika Bala, huko Wales, mwaka 1873, akashinda Mskoti. Jumuiya ya kimataifa ya wafugaji wa mbwa wa kondoo iliasisiwa mwaka 1906. Na karibu kila mbwa wa ukoo wa Nell aliye hai leo nasaba yake inarejea kwa mbwa mmoja, Hemp, aliyezaliwa Northumberland hii hii mwaka 1893 mikononi mwa mkulima Adam Telfer. Baba yake Hemp, Roy, alikuwa mchangamfu asiye na makali ya jicho. Mama yake, Meg, alikuwa na haya, mweusi, mwenye jicho kali mno. Na mtoto akatoka na sifa moja iliyowashangaza watu wa zama zake, waliozoea mbwa wa kubweka na kung'ata: alifanya kazi kimya. Mzee alimtaja Hemp kama sisi tumtajavyo babu wa babu, bila kuinua macho kutoka kikombeni.

Mafunzo yenyewe huanza mbwa akiwa na miezi kumi hivi, katika uwanja mdogo, pamoja na kondoo wanne au watano watu wazima wasioshtushwa na mbwa yeyote. Silika ya mtoto wa mbwa ni ya mbwa mwitu, kuzunguka, kunyatia, kukazia macho, ila mwisho wa hadithi, pale pa kuua, umekatwa na vizazi vya wafugaji. Mchungaji akisimama upande huu wa kondoo, mbwa atataka kusimama upande ule. Mtu akiwa penye tarakimu ya 6 ya uso wa saa, mbwa atakwenda juu, penye tarakimu ya 12, na mtu akisogea naye husogea. Kwa hiyo mzee hamfundishi kuzunguka. Yeye husogea, mbwa akaanza kuzunguka kwa kufuata mshale wa saa, na wakati tendo likitendeka ndipo hulipa jina lake, siku baada ya siku, mpaka jina lifike kabla ya tendo. "Ninampa maneno ya mambo anayoyajua," alisema. Mbwa akienda kwa pupa, mzee humkingia njia kwa mwili wake, na akitulia humpisha. Na kupishwa kuwaendea kondoo ndiyo ijara yake yote, kwani hapewi nyama wala mkate. Somo halizidi robo saa, na hukatishwa mbwa akiwa angali ana hamu, kwa neno la kufungia kazi, ambalo kwa lugha yetu ningelisema "yatosha".

Magumu ni mawili. La kwanza ni kuswaga, yaani kuwapeleka kondoo mbali na bwana, kwa kuwa silika inamwambia mbwa awalete, naye huona, kwa insafu kabisa, kwamba bwana wake amerukwa na akili. La pili ni kusimama. Nilipouliza kwa nini kusimama kuwe kugumu kuliko kukimbia, mzee alinitazama kama mtu ambaye hajapata kumwona mwanadamu akibishana.

Hakuyajua haya tangu awali. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alirithi mbwa wa baba yake, hodari, akamfanyisha kazi kwa makelele kama alivyowaona vijana wenziwe wakifanya. Asubuhi moja ya kuwanyoa kondoo, yule mbwa aliketi katikati ya mlima, akamtazama, akageuka, akatembea polepole mpaka nyumbani, na tangu siku ile hakumtazama kondoo tena. "Hakuwa mbwa mbaya. Alikuwa amechoka nami." Nikamwuliza mwisho wake ulikuwaje. Mzee alisema kwamba alikuwa mbwa mwema, akainuka kuongeza maji katika birika, ingawa birika lilikuwa limejaa.

Sikuweza kujizuia kumsimulia ya kwetu. Nilimweleza kwamba chuoni tulifunzwa hukumu ya mate ya mbwa, chombo kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kwamba afugaye mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku. Lakini katika hadithi hiyo hiyo ya Mtume mmetolewa mbwa wa kuwinda, mbwa wa shamba na mbwa wa mifugo, na Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Haya ya mwisho tuliyasoma mbio mbio, na bakora ya mwalimu wetu ilikuwa juu ya meza. Mzee alisikiliza kwa staha kubwa, akafikiri, kisha akauliza kama wanazuoni wamesema lolote juu ya mbwa wa mifugo ambaye usiku hulala kitandani kwa bibi wa nyumba. Nilimwahidi kwamba nitauliza. Sijauliza bado.

Liko swali ambalo sikumwuliza mpaka jioni, nalo linanisumbua kuliko yote. Mbwa ametulizwa, mtu amejituliza, je, kondoo? Wanashuka kwa mwendo wa maarusi, hakuna anayesukumana, na mgeni huona amani. Walakini kila mmoja wao anakwenda kwa sababu moja tu, kwamba nyuma yake yupo mnyama mwenye jicho la mbwa mwitu. Hiyo ni amani, au ni hofu iliyopangwa vizuri? Mzee hakukasirika. Alisema kwamba kondoo aliyeogopa huacha kula, na akanionyesha wake, ambao walikuwa wakila, Nell akiwa amelala hatua ishirini kutoka kwao. "Wanajua aliko," alisema. "Daima wanajua aliko." Sikuelewa kama hilo lilikuwa jibu.

Kabla sijaondoka alikuja mjukuu wake, kijana wa miaka kama ishirini, na simu mkononi. Mzee alikuwa aende hospitali kupasuliwa goti, na majira ya baridi kijana ndiye atakayekuwa na Nell mlimani. Kwa hiyo yalibidi kurekodiwa yale mambo ya mbali, pale ambapo sauti haifiki na firimbi hushika zamu. Firimbi hiyo ni kibati kilichokunjwa kama sambusa bapa, chenye tundu lililopenya pande zote mbili, kikaacho ndani ya kinywa juu ya ulimi, na kila mchungaji hupiga kwa namna yake, na mwenye mbwa wawili humpa kila mmoja milio yake ili wasichanganyikiwe. Hata anayenunua mbwa aliyefunzwa huomba milio ya bwana wa kwanza, ajifunze yeye, maana mbwa amekwisha kujifunza. Mzee alisimama mlangoni akapiga mlio wa kuzunguka upande huu, na mlio wa upande ule, na wa kulala, na wa kuinuka, kila mmoja kwa upole ule ule, huku kijana ameishika simu mbele ya kidevu chake.

Uani hapakuwa na kondoo hata mmoja. Nell alitoka nyuma ya banda, akazunguka kushoto, akazunguka kulia, akalala, akainuka, akausogelea ukuta mtupu wa mawe kwa kunyata, akiukazia macho.

Kijana akaisikiliza simu, akatikisa kichwa. Upepo umeingia, alisema, na babu anapiga chini mno, hakusikiki kitu. Mzee akaipangusa firimbi kwa shati, akairudisha kinywani, akaanza upya, wala hakuzidisha sauti. Na Nell, kule ukutani, akalala tena.