Chuma na Manganizi katika Maji ya Visima vya Koboko: Tatizo la Vipimo Vinavyoingiliana

Wilayani Koboko, Kaskazini Magharibi mwa Uganda, wenyeji na wakimbizi wa makazi ya Lobule hutumia visima virefu vyenye pampu za mkono. Pale ambapo maji yana asidi na mabomba ni ya chuma kilichopakwa zinki, bomba huliwa na maji hutoka na rangi ya kutu. Chuma hujitangaza kwa rangi na ladha. Manganizi iliyoyeyuka haionekani, lakini ndiyo yenye uzito zaidi kiafya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kikomo cha muda cha miligramu 0.08 za manganizi kwa lita, kwa kuzingatia watoto wachanga wanaolishwa maziwa ya kopo. Awali thamani iliyotumika ilikuwa 0.4.

Njia mojawapo ya kupima manganizi ni kuongeza formaldoksimu katika maji yaliyotiwa alkali, kisha kusoma ukali wa rangi ya machungwa inayojitokeza kwenye nanomita 450. Hata hivyo, chuma nacho huungana na formaldoksimu na kutoa rangi yake. Kifaa husoma jumla ya rangi. Hakitambui imetoka wapi. Ikiwa chuma kitaongeza rangi inayolingana na miligramu 0.1, maji yenye 0.05 yatasomeka 0.15. Kwa kipimo cha zamani kosa hilo halikubadili uamuzi. Kwa kikomo kipya, kisima salama kitahukumiwa kufungwa.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana: EDTA na hidroksilamini huongezwa ili kuuvunja muungano wa chuma, huku ule wa manganizi ukibaki.

Upo pia mwingiliano wa upande wa pili. Sampuli isipotiwa asidi kisimani, chuma hukutana na hewa, huganda, hutua chini na huweza kuvuta sehemu ya manganizi. Hapo kisima chenye hatari huonekana salama.

Kwa hiyo, ripoti ya manganizi isiyotaja kiwango cha chuma, namna sampuli ilivyohifadhiwa na namna chuma kilivyodhibitiwa haitoshi kuwa msingi wa sera. Inafaa pia sampuli ichukuliwe mara mbili, mwanzo wa kupampu na baada ya maji kutiririka kwa muda. Chuma kikipungua sana, chanzo chake yumkini ni bomba, na kubadilisha bomba ni nafuu kuliko kuchimba kisima kipya.