Mwanga, Majani na Umri katika Uzazi wa Farasi na Ng'ombe

Farasi ni mnyama adimu katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Hustahimili kwa shida maradhi ya nagana yaenezwayo na mbung'o, na mapori ya Biharamulo yamejulikana kwa mbung'o tangu zamani. Hata hivyo, uzazi wa farasi jike wastahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa Kagera, kwani kwa kumlinganisha na ng'ombe wa nyumbani ataelewa kwa nini ng'ombe huyo hukaa muda mrefu bila mimba.

Katika nchi kama Uingereza, farasi jike wengi hawamtaki dume wakati wa baridi. Siku ndefu kabisa ya London ina zaidi ya saa 16 za mwanga. Ile fupi kabisa haifikii saa 8. Gizani, tezi ndogo iliyomo ubongoni hutoa homoni iitwayo melatonini. Usiku ukiwa mrefu melatonini hutoka kwa muda mrefu, na zile homoni ziamshazo ovari hupungua. Siku zirefukapo, jike hurudia kumtaka dume kila baada ya siku 21 au 22. Mimba yake huchukua yapata miezi 11, kwa hiyo mtoto huzaliwa majani yanapochipua. Wafugaji wa farasi wa mashindano, ambao huko kaskazini umri wao huhesabiwa tangu tarehe 1 Januari, humhadaa mnyama kwa taa: zizi huangazwa tangu Desemba hadi mwanga utimie saa 16 kwa siku, na jike huwahi kupata mimba.

Ngara na Biharamulo zipo kiasi cha digrii 2 na nusu kusini ya Ikweta. Hapo siku ndefu huizidi ile fupi kwa dakika 17 hivi tu. Wanafunzi wanaweza kuhakikisha hayo kwa kuandika saa za macheo na machweo mwezi Juni na Desemba. Pundamilia, jamaa wa farasi, wamo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyoanzishwa mwaka 2019. Pundamilia wa nyanda za Afrika Mashariki huzaa mwaka mzima, lakini wengi zaidi wakati wa mvua. Huku kitawalacho ni majani.

Ng'ombe naye kwa maumbile aweza kumtaka dume kila siku 21, mwaka mzima. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti malisho hukauka. Jike akikonda, ubongo hupunguza homoni za uzazi, na ndama anyonyaye huzidi kuzizuia. Mvua za vuli zikirudi, mwili hunenepa na jike hupandwa, tuseme katikati ya Novemba. Mimba ni siku 280 hivi. Basi atazaa mwishoni mwa Agosti, wakati wa ukame, akiwa na ndama wa kunyonyesha na tumbo tupu. Si ajabu akapitisha mwaka mzima bila mimba. Mfugaji amwitaye tasa na kumpeleka mnadani huenda anauza jike mzima mwenye njaa. Afadhali kwanza atazame mbavu zake na umri wa ndama, tena amwite mganga wa mifugo, maana nagana nayo huharibu mimba.

Umri pia hufanya kazi kwa njia mbili tofauti. Mtamba hubalehe kwa uzito kuliko kwa miaka. Kwa hiyo mtamba wa Ankole alishwaye vibaya aweza kupita miaka mitatu kabla ya kuzaa. Farasi jike huzaliwa na mayai yake yote, nayo huzeeka pamoja naye. Apitapo miaka 15 rutuba hupungua, na mimba changa nyingi hufa, hata zikihamishiwa katika tumbo la jike kijana. Ng'ombe mzee wa Ngara aghalabu huangushwa kwanza na meno: yakiisha, hawezi kukata majani mafupi ya kiangazi, akakonda mapema kuliko wenzake.