Feleji, pua na kile kinachoitwa ‘chuma cha Dameski’

Msomaji wa Malaba ameniuliza visu vile vya kufuliwa kwa mkono, vyenye mistari kama mawimbi ubapani, vinaitwaje kwa Kiswahili. Muuzaji alimwambia ni ‘chuma cha Dameski’, na bei ikapanda papo hapo.

Jina hilo linapotosha kidogo. Feleji ya kale iliyosifiwa kwa jina la mji huo wa Syria iliyeyushwa katika vyungu huko India ya kusini na Sri Lanka, na nakshi yake ilijitokeza ndani ya chuma chenyewe. Kisu cha msomaji wetu ni kitu kingine. Mhunzi hupanga vipande vya feleji za aina mbili, moja ikiwa na nikeli, huvipasha moto hadi vikaribie weupe, hunyunyizia boraksi, kisha huvifua vishikane. Hukunja, hufua, hukunja tena. Vipande 7 vikikunjwa mara 5 huwa matabaka 224. Mwisho hutia asidi: feleji isiyo na nikeli huliwa ikawa nyeusi, yenye nikeli hubaki iking’aa. Basi nakshi hiyo si rangi. Ukiisugua kwa msasa itafifia, lakini ukiitia asidi itarudi. Iliyochorwa juu juu hairudi, na pesa zako pia hazirudi.

Mimi ningeiita feleji ya matabaka. Kwa nini feleji? Kwa sababu chuma ni jina la jumla, ilhali feleji ni chuma kigumu kinachokubali kunolewa. Pua nayo, mbali na kiungo cha kunusia, ina maana iyo hiyo ya chuma kigumu, na kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 imeiandika. Siku hizi ‘chuma cha pua’ kimeachiwa masufuria yasiyoshika kutu. Sikubaliani na matumizi hayo, maana yanatunyang’anya usemi muhimu: kutia pua, yaani kuunga ukingo wa chuma kigumu kwenye mwili wa chuma laini ili kifaa kipate makali bila kuvunjika. Hapo tayari pana matabaka mawili! Wazo halikuja na wauza visu.

Kitenzi fua nacho kina mengi. Tunafua nguo, tunafua nazi, tunafua chuma. Kote kuna kupiga au kugonga kwa nguvu. Kutokana nacho tuna mfua dhahabu, na fuawe, lile pande la chuma ambalo juu yake mhunzi hufulia. Upepo wa moto hutoka kwenye mvukuto.

Ushahidi wa ufundi huu ni wa zamani. Al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154, alitaja chuma cha pwani yetu kuwa bidhaa. Huku Busia, Wasamia waliyeyusha mawe ya chuma ya milima yao wakafua majembe yaliyouzwa kwa Wajaluo na majirani wengine, na jembe likaweza kuwa mahari.

Leo mafundi wa jua kali hawayeyushi mawe. Malighafi inapita barabarani: malori yanayoelekea Uganda huvunjika springi, na springi ina kaboni takriban asilimia 0.6. Nondo laini ya dirisha haifikishi nusu ya hiyo. Fundi mmoja mjini Busia aliniambia, “Mwalimu, ukitaka kisu ya kukaa usiniletee chuma ya dirisha. Hiyo haishiki makali.” Ngeli zake zingetiwa wino mwekundu, lakini kushika makali ni istilahi kamili, na waandishi wa vitabu vya ufundi wangeifuata badala ya kutafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza.

Kuhusu sarufi: tabaka huingia ngeli ya LI-YA, nakshi na feleji I-ZI. Kwa hiyo andika ‘feleji ya matabaka yaliyofuliwa pamoja’. Muuzaji akisisitiza Dameski, mwombe msasa.