Gemu, kifungua mimba na mbu wa barazani

“Sista, mkataze huyu. Usiku kucha anaua watu kwenye simu, na tumbo lote hilo.”

Mkunga yeyote anayehudumia wajawazito kati ya Bunju na Bagamoyo amekwisha kuyasikia maneno haya, au yanayofanana nayo. Huwa yanatoka kwa mama mkwe aliyemsindikiza mkaza mwanawe kliniki. Mkaza mwana mwenyewe ameinama, simu kaifunika na kanga, ana miaka ishirini na kitu na mimba ya kwanza. Gemu inayolalamikiwa mara nyingi ni Free Fire: wachezaji 50 wanashushwa kisiwani, wanawindana, atakayebaki wa mwisho ndiye mshindi, na mechi nzima huisha ndani ya dakika kumi au zaidi kidogo. Ilitoka mwaka 2017 ikiwa imeundwa iende hata kwenye simu ya bei nafuu, ndiyo maana imeingia kwenye nyumba ambazo PlayStation haijafika wala haitafika.

Nyuma ya lalamiko hilo kuna hofu ya zamani ya Pwani. Mjamzito huambiwa alinde macho na moyo wake. Akimchukia mtu, mtoto atazaliwa na sura ya huyohuyo. Kama chuki ya siku moja inaweza kufika tumboni, risasi za kila usiku je? Wenzangu wengine hucheka wakiulizwa hivyo. Mimi naona mama mkwe ameuliza swali la kitaalamu kabisa, na lina majibu.

Mama akicheza gemu ya mapambano, moyo wake unakwenda mbio, kiganja kinatoka jasho, homoni za mshtuko zinapanda. Mtoto tumboni huyasikia mabadiliko hayo kwa namna yake. Mtafiti Janet DiPietro wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliwapa wajawazito mtihani mdogo wa kuwachanganya: neno limeandikwa kwa rangi moja lakini linataja rangi nyingine, na wewe useme haraka. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, mama alipokuwa akihangaika na mtihani, mapigo ya moyo wa mtoto yalibadilika na mtoto akatulia kidogo. Mtihani ulipokwisha, hali ikarejea. Mwaka 2006 timu yake ikachapisha utafiti mwingine uliowafuatilia watoto mpaka umri wa miaka miwili. Wale ambao mama zao walikuwa na wasiwasi wa kiasi wakati wa ujauzito hawakuwa nyuma ya wenzao. Walikuwa mbele kidogo. Hao walikuwa wanawake wenye afya na maisha yaliyotulia, kwa hiyo asije mtu akasema gemu inazaa watoto wenye akili. Na mjamzito anayepigwa nyumbani au anayelala na njaa ana msongo wa aina nyingine kabisa, wenye madhara yanayojulikana. Lakini mshituko wa dakika kumi kwa kitu ambacho mama mwenyewe anajua ni mchezo, mwili wa mama na wa mtoto huumudu.

Kuhusu mtoto kuzaliwa mkorofi, hakuna njia inayojulikana ya picha kutoka kwenye kioo cha simu kwenda kwenye tabia ya kijusi. Hata kwa wachezaji wenyewe, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2020 kikionya watu wasizitwike gemu lawama za mauaji na uhalifu wa kutumia nguvu.

Sauti ndiyo inayofika. Kuanzia karibu mwezi wa sita mtoto huanza kuitikia sauti za nje, ingawa nyama ya tumbo na maji ya uzazi huzipunguza, hasa zile nyembamba. Sauti nzito za besi hupenya zaidi. Simu haina besi ya kumsumbua mtu. Spika kubwa ya kibanda cha gemu, au ya kigodoro, hiyo ndiyo ya kukaa nayo mbali. Hedifoni ziwekwe masikioni mwa mama, wala si tumboni kama wanavyofanya baadhi ya wanaotaka mtoto asikilize muziki.

Kwa hiyo mama mkwe nitamjibu kwamba gemu yenyewe siiogopi. Ninachokiogopa ni saa inapochezwa na mahali mchezaji anapokaa. Kuna maradhi mawili yanayoipenda mimba ya kwanza kuliko zote zinazofuata, na yote mawili hunufaika na mchezo wa usiku.

La kwanza ni malaria. Bagamoyo hatuhitaji kufundishwa malaria: tawi la Taasisi ya Afya Ifakara lililopo hapa lilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Msichana aliyekulia hapa ameumwa na mbu tangu utotoni na mwili wake umejenga kinga ya kiasi. Anapata homa, anameza dawa, kesho yuko sokoni. Kisha anabeba mimba, na ndani yake kinaota kiungo ambacho hakijawahi kuwapo, yaani kondo la nyuma. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha, kwa sampuli kutoka magharibi mwa Kenya, kwamba vimelea vya malaria vinavyokutwa kwenye kondo vina tabia ya pekee: hunata kwenye aina ya sukari iliyopo hapo. Mwili wa mama haujawahi kupigana na vimelea vya namna hiyo. Mimba ya pili na ya tatu huwa umekwisha kujifunza. Ya kwanza ndiyo shule, na ada yake analipa kifungua mimba kwa kuzaliwa na uzito mdogo, mama naye kwa kuishiwa damu. Tena mara nyingi bila homa yoyote. Mama yuko sawa, anacheka, anacheza gemu, na kondo limejaa vimelea.

Sasa tazama gemu inavyochezwa. Nyumba ya bati imehifadhi joto la mchana, umeme umekatika au feni haipo, mtandao ndani unasuasua. Mjamzito anatoka na simu yake barazani kupunga upepo wa bahari, tangu saa mbili usiku mpaka saa sita. Chandarua alichopewa kliniki kimechomekwa vizuri kabisa kitandani, na ndani yake hakuna mtu. Huo ndio usiku ninaoupinga, na dawa yake ni rahisi: cheza ukiwa ndani ya chandarua. Simu inaingia. (Waliozoea luninga ya inchi 32 watanisamehe.) Na vidonge vya SP vya kukinga malaria vinavyotolewa kliniki kuanzia mwezi wa nne visikosekane, angalau mara tatu kabla ya kujifungua, kila mara ukipita mwezi mmoja au zaidi. Ni vichungu, najua.

Ugonjwa wa pili ni presha ya ujauzito, inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki ya 20, na kuwa na mimba ya kwanza ni moja ya sababu zinazoongeza uwezekano wake. Hapa gemu inaleta balaa la pekee, kwa kuwa inampa mama maelezo ya uongo. Dalili za hatari ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba. Mtu aliyekodolea kioo cha simu saa tatu mfululizo naye anaumwa kichwa, na macho yake yanaona ukungu. Basi mjamzito anasema ni simu tu, mama mkwe naye anasema nilikwambia, anameza panadol analala. Nyumba nzima imekubaliana juu ya sababu, na hakuna aliyepima.

Ukipita mwezi wa tano, usijitafutie sababu ya kichwa kikali wala ya macho kubadilika. Nenda kapimwe presha siku hiyohiyo, hata kama ulicheza mpaka alfajiri. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi si cha kurudi nacho nyumbani kimyakimya. Mkojo utapimwa kuona kama una protini, na utaelezwa kinachofuata. Ikifika pabaya, dawa ipo. Utafiti wa Magpie uliochapishwa mwaka 2002, ukiwa umehusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba sindano za magnesiamu salfeti hupunguza kwa nusu hivi hatari ya mama mwenye presha hiyo kupata degedege. Lakini humsaidia aliyefika.

Tena kuna jambo la benchi. Foleni ya kliniki ni ndefu, mjamzito anapitisha muda kwa mechi, jina linaitwa akiwa katikati ya mapigano. Anaingia moyo unadunda, mkanda unafungwa mkononi, presha inasoma juu. Mpimaji ataandika, na mama atatoka na hofu bure. Kipimo sahihi kinataka mtu awe ametulia kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishanishwa, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Ukiona foleni inakukaribia, zima simu. Na kama umepimwa ukiwa bado unahema, sema, urudiwe.

Yaliyobaki ni madogo, ingawa ndiyo yanayokera kila siku. Gemu za mtandaoni hazisimami kukusubiri. Ukitoka unaiangusha timu. Kwa hiyo mchezaji hubana mkojo. Katika ujauzito homoni hulegeza mirija ya mkojo nao ukachelewa kutoka, bakteria wakapata nafasi, ndiyo maana wajawazito huugua njia ya mkojo kwa urahisi. Timu ishindwe, wewe nenda msalani. Damu ya mjamzito pia huganda upesi kuliko ya mtu mwingine, kwa hiyo kila baada ya mechi mbili tatu inuka utembee uani. Ganzi ya vidole ni malalamiko ya kawaida kwa wajawazito hata wasiocheza, kwa kuwa maji ya mwili yanabana mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono. Anayekunja mikono kuishika simu saa nzima huiongeza. Na mtoto anapoanza kucheza tumboni, kwa mimba ya kwanza ni kama wiki ya 18 hadi 20, mama aliyezama kwenye kioo hamsikii. Kuanzia mwezi wa saba tenga muda wa kulala ubavu, simu pembeni, umsikilize. Akicheza pungufu ya alivyozoea, usisubiri tarehe ya kadi.

Baba naye asidhani makala hii haimhusu, maana vibanda vya PlayStation vya huku vimejaa yeye. Watafiti wakiongozwa na Martin Muller walipima homoni za wanaume wa jamii mbili za kaskazini mwa Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Kwa Wahadza, ambao baba hubeba na kulea watoto, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao malezi ya mtoto mchanga ni kazi ya wanawake, tofauti hiyo haikuonekana. Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba mwili wa baba unaendana na anachokifanya. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa siku tatu tu za likizo ya uzazi yenye malipo, nami naziona chache mno, lakini miezi tisa ya kusindikiza kliniki haihitaji kibali cha mwajiri kwa kila kitu.

Sitaki mtu atoke hapa na kunyang'anya simu. Kule Lausanne, Uswisi, Antje Horsch na wenzake waliwapa gemu ya Tetris, ile ya kupanga matofali, baadhi ya wanawake waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa dharura wa kujifungua, wacheze dakika 15 ndani ya saa sita za mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: wiki iliyofuata, waliocheza walisumbuliwa mara chache zaidi na picha za tukio lile kurudi kichwani kuliko wenzao. Ulikuwa utafiti mdogo, wa wanawake 56, na Tetris si Free Fire. Ila umenifundisha kutoiita kila simu iliyo mkononi mwa mzazi kuwa ni upuuzi. Mjamzito anayeacha kula, anayeruka kliniki, anayeshindwa kuacha hata akitaka, huyo ana ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na anahitaji msaada, si matusi. Wengi hawako huko. Wana joto, wana upweke, mume yuko kazini Dar na bando limeunganishwa.

Jambo la mwisho ni chaji. Gemu za mapambano hunyonya betri, na uchungu au damu hupenda kuja saa nane za usiku. Mkiwa na simu moja nyumbani, ikifika mwezi wa nane ilale na angalau nusu ya chaji, gemu iishie hapo. Namba ya dharura ya m-mama, inayomtafutia mjamzito au mzazi usafiri wa kumfikisha hospitali, ni 115. Kuipiga ni bure, hata bando likiwa limeisha.